Lango la Alhamisi

Jumapili, 3 Machi

Nimepanda paa la karakana kugongelea bati lililolegea, nikasahau kushuka. Kutoka kule juu mtaa wetu bado ni shamba. Kweli! Nyumba zimekaa kwa mistari ya matuta. Barabara ya duka la dawa inapinda bila sababu – madereva wageni wanailaani – kumbe inazunguka kilipokuwa kitalu cha marehemu shangazi. Watu bado wanasema "nashukia Mahindini", na huko Mahindini kuna saluni mbili na ghorofa. Nikafumba macho, nikayasikia majani ya mahindi. Labda zilikuwa nguo za majirani kwenye kamba. Mwanamke mzima mimi, fundi wa kuchomelea, nusu ya mageti ya mtaa huu ni kazi yangu – nimesimama juu ya bati nasikiliza mahindi! Baba akapita chini, akauliza kama nimepanda kutaga.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa.

Alhamisi ni zamu yetu ya maji. Zamani kila familia ilikuwa na siku yake. Wenzetu waliuza mashamba, wakajenga, siku zao wakazisahau. Baba hakuisahau yake. Ana matuta sita ya vitunguu nyuma ya nyumba, na kila Alhamisi alfajiri huenda kwenye lango la mfereji, huinua bamba la chuma na kupaza sauti: "Maji yanakujaaa!" Asiyeyataka kwake hujibu "Pita!", naye Baba humzibia kwa udongo. Anayenyamaza amekubali. Ndiyo sheria, tangu babu.

Leo aliyenyamaza ni Nesi, jirani mpya aliyehamia juzi tu. Kafanya kazi usiku kucha, karudi, kalala fofofo. Na waliomjengea walifukia mfereji penye ukuta wake, kwa hiyo maji yakapita mlangoni. Anasema aliteremsha miguu kitandani ikazama, akadhani bado anaota. Zulia, kochi, viatu vinaelea! Nimeshinda kwake nakamua mataulo. Baba kasimama kizingitini, anamweleza kwa upole kabisa kwamba alimwita mara mbili. Nesi akamuuliza, sasa mzee wangu, mimi ningejuaje? Baba hakulielewa swali. Mtu anaishi kando ya mfereji, hajui kuitika?

Jumamosi, 9 Machi

Kikao cha mtaa, uani kwa mwenyekiti. Nesi hakugomba – hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu kwamba tangu juzi, kabla ya kuinuka kitandani, anashusha mkono kwanza, anapapasa sakafu. Mwenyekiti akasema maji yakimwagika hayazoleki. Baba akadakia: haya yangu yanazoleka, nipeni jembe tu! Kicheko. Baba naye akacheka, akaaga, akaenda zake kupalilia, akidhani mambo yamekwisha.

Ndipo wakaamua. Lango lichomelewe, lisifunguke tena.

Macho yote kwangu. Fundi mtaani ni mmoja. Nikasema sawa. Nilikuwa naitazama miguu ya Nesi ndani ya kandambili, nikasema sawa! Halafu nikaongeza kwamba Baba nitamwambia mwenyewe. Nani alinituma?

Jumapili, 10 Machi

Sijamwambia.

Jumanne, 12 Machi

Nilipiga moyo konde, nikamfuata kwenye vitunguu. Jua la jioni lilikuwa limelala juu ya matuta, mwanga mwingi mpaka ukuta wa jirani ukafutika. Kwa muda hapakuwa na nyumba hata moja. Mama angetokea na karai lake kiunoni, nisingeshtuka. Miaka tisa hayupo.

Baba kachuchumaa, anang'oa magugu kwa vidole viwili. Bila kuinua uso akasema Alhamisi mbili tu zaidi, vitakuwa tayari. Nikasema, Baba. Akasema, naam mama. Nikasema... vimestawi.

Mwoga mkubwa mimi! Nimefikiria kila njia. Maji ya bomba hayataki, eti yananuka dawa. Mfereji haufukuliki, shimo la choo la Nesi liko juu yake. Na huyo Nesi naye jana kaniomba nimsaidie kunyanyua kitanda. Kakiweka juu ya matofali. Nimpende Baba kiasi gani mpaka nimsahau huyu? Sijui. Nampenda sana.

Jumatano, 13 Machi

Mwenyekiti kapiga simu. Kesho, kabla mzee hajafungua. Nikasema ndiyo.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika hapa hapa langoni, nimekaa juu ya mkokoteni wa jenereta.

Nilikuja mapema. Ukungu umejaa mferejini, nyumba hazionekani, mapaa tu. Nilikuwa namalizia kuunga waya nikasikia jembe likikwaruza barabarani. Baba. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Akaitazama mashine. Akanitazama mimi. Uso ukamnawiri!

Akasema alijua tu. Miaka mitatu lango linavuja pembeni, hakutaka kunisumbua na kazi zangu za watu, lakini alijua ipo siku mwanawe ataliona mwenyewe. Basi leo hafungui mpaka nimalize. Anayepita anaambiwa: binti yangu huyo, analitengeneza lango. Kapita mwalimu, kapita mama wa duka la dawa. Wote walikuwa kikaoni. Wakatazama viatu vyao, wakasema hongera mzee.

Nesi yuko kwenye ukuta wake, ameshika kikombe. Halitazami lango, ananitazama mimi. Hata hakasiriki.

Nikafungua mdomo – Baba, sikiliza – akasema nieleze tu ashike wapi. Kabla sijajibu kapiga magoti kwenye matope, kalishika bamba kwa mikono miwili lisicheze. Kalishika sawasawa, pale pale ambapo ningechomelea. Maji yanayovuja yanamlowesha mikono ya shati, wala hajali.

Nimemwambia tusubiri, mashine ipate moto kwanza. Mashine hii haisubiri kupata moto. Nimetoa daftari, najifanya naandika vipimo.

Ukungu unaondoka. Watu wanaongezeka, wanaitazama mikono ya Baba. Baba hajabanduka, magoti yake yamezama.

Anauliza kama imeshapata moto.