Mbuzi wa Shabaha

Jumapili, 10 Agosti 2025

Baada ya ibada Mzee Sifael kaniita pembeni. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani – kisha akatoa la moyoni. Wazee wa usharika wamechoka na chama chetu cha upinde. Kiwanja kizima cha kanisa, watu wanne! Wanataka kujenga ukumbi wa harusi. Jumamosi atakuja mwenyewe kuangalia. Akikuta watu, tunabaki. Asipokuta, magunia yetu ya shabaha tukayatundike migombani kwetu.

Ukumbi wa harusi. Mtaa wetu huu wa Rau kila kona ukumbi. Nilimwitikia "sawa mzee" huku nimekunja ngumi ndani ya kitenge.

Jumanne, 12 Agosti

Nimezunguka sokoni na Salvina, kila mmoja na upinde wake, tukiita watu waje kujifunza. Sijawahi kufundisha mtu anayelenga kama huyu binti. Mvua, baridi, anakuja mazoezini. Watu wanamsimamisha – wapige naye picha, basi. Kijana mmoja kauliza posho ni kiasi gani. Mwingine, kama kuna soda. Mama muuza ndizi kasema msichana wa kushika upinde ataolewa na nani. Salvina kacheka. Mimi sikucheka.

Baba alitufundisha upinde kule Kibosho tukilinda mahindi, nguruwe pori wasiyamalize. Hakuna aliyetuahidi soda. Nimerudi na hasira, mtori wa ndizi nimeuacha mezani.

Alhamisi, 14 Agosti

Rodrick, mwenyekiti wetu, kaja na wazo. Anauza simu mjini, kwake kila kitu ni promosheni. Anasema watu hawataki kulenga magunia, wanataka kuwinda. Porini hatuendi bila kibali, basi windo lije uwanjani. Mbuzi. Afungwe mtini, watu wapange foleni na mishale. Atakayemwangusha anaondoka na paja, wengine wanakunywa supu.

Nilidhani anatania. Hatanii.

Nikamwambia alichokuwa akisema baba: mnyama asiyeweza kukimbia si windo. Akanijibu, mbuzi wa Krismasi huwa anakimbilia wapi? Swali hilo linaniudhi mpaka sasa. Mbuzi nakula, sijidai. Lakini kisu cha mtu anayejua kazi si sawa na mishale ya watu wasiojua hata kuvuta ugwe wa upinde. Huyu atapigwa mguu, atapigwa sikio, atalia mbele ya watoto.

Rodrick akaniuliza: "Mama Given, unataka chama au unataka roho safi?"

Mshenzi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeandika kwenye grupu kwamba nimekataa. Rodrick kafuta ujumbe wangu, maana yeye ndiye admini. Kisha kaweka tangazo: NJOO UWINDE KAMA BABU ZAKO. Picha ni Salvina, kavalishwa ngozi ya mbuzi, kapakwa masizi usoni. Salvina wangu! Nikampigia. Anasema, kocha, si picha tu jamani.

Watu wanajibu kwa wingi. Hakuna anayeuliza habari za upinde. Wanauliza kama mbuzi ni beberu.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika nikiwa stoo ya uwanjani, mlango nimeukomea kwa ndani. Mbuzi ninaye, anatafuna gunia. Pinde zote zimo humu.

Nilikuja mapema nikimtegemea Mzee Sifael. Nilijua yeye atauzuia huu uchafu. Watu wakajaa mpaka barabarani, wengine wametoka mbali, Tarakea. Mzee kafika, kapewa kiti cha mbele – na cha kwanza kuuliza ni kisusio kitaiva saa ngapi. Mzee wa kanisa, anawazia supu ya damu! Akanishika mkono. "Mwanangu, kumbe chama kipo. Ukumbi utasubiri."

Nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi kabisa. Ndipo nikajionea kinyaa.

Rodrick akaniletea upinde na mshale: kocha ndiye afungue windo. Nikasogea mpaka kwa mbuzi, nikakata kamba kwa ncha ya mshale, nikamburuta mpaka humu stoo. Wakapiga makofi, walidhani ni sehemu ya onyesho.

Sasa wameelewa. Rodrick kabembeleza mlangoni, kisha katukana. Mzee Sifael kaja dirishani, sauti ya upole: "Usituharibie, mwanangu. Hawa wakiondoka, wazee wenzangu nitawaambia nini?" Ni kweli. Wakiondoka, kiwanja kimekwenda. Nikamshika mbuzi pembe.

Muda umepita. Ajabu, hawaondoki. Nasikia wanacheka.

Dirishani sasa ni Salvina. Anaongea taratibu, na adabu zake zilezile.

"Kocha, mbuzi baki naye. Nipitishie upinde wangu tu. Wameshapata kuku wa kufunga mtini."