Punguzo la Nyumba Zenye Giza

Jumatatu, 1 Desemba

Siku ya kwanza kazini — msaidizi wa mwalimu, shule ya kijiji! Miaka yote ile ya falsafa chuo kikuu, na leo nimefunga kamba za viatu na kupangusa kamasi. Nimefurahi mno. Njia nzima nilijichunguza nione kama furaha hii ina kasoro. Inayo moja: ninarudi nyumbani, lakini nyumbani ni wapi?

Kwa sasa ni kwa Daktari Whitcombe, daktari wa meno mstaafu anayeishi Surrey, mbali na huku. Mimi na Mama ni wapangaji wake wa majira ya baridi. Tunaingia majani yakipukutika, Pasaka tunatoka, wageni wa kiangazi wanaingia. Ni hivyo tangu nyumba ya Bibi iuzwe. Kiangazi tulikuwa tukilala kwenye karavani, kijumba cha magurudumu, shambani kule juu. Karavani haipo tena. Dhoruba ya Oktoba iliiviringisha mpaka bondeni, ng'ombe wakakusanyika kuitazama kama watu waliofika msibani. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilicheka pia, kisha usingizi ukanipaa. Pasaka hii tutakwenda wapi?

Halafu tangazo, mlangoni pa duka. Halmashauri inataka maoni. Wenye nyumba za pili, zile za likizo, hulipa nusu tu ya kodi ya majengo. Je, punguzo hilo liendelee? Mkutano ni Jumamosi ya tarehe 20, ukumbini. Diwani Pascoe atakuwepo.

Nitasema.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimemwelezea Mama hoja yangu huku akikunja mashuka ya watu. Hoja ni hii: sisi tukiwemo humu, nyumba inalipiwa kodi nzima, na tunailipa sisi. Tukitoka, wageni wakiisha, ikabaki tupu, inalipiwa nusu. Yaani nyumba inapewa zawadi kwa kutokuwa na mtu!

"Kwa hiyo siku tunayofukuzwa ndiyo kodi inashuka," nikamwambia.

"Hatufukuzwi. Tunahama."

"Mama!"

"Ile nusu wanayosamehewa ndiyo wanayonilipa mimi, mwanangu. Mtoto hawaleti shuleni. Taka zao nabeba mimi. Unataka walipie nini, upepo?"

Jibu limenijia bafuni, kama kawaida yangu: shule inakufa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hawaleti mtoto! Nikatoka mbio na taulo kichwani. Mama keshaondoka na lile shada lake la funguo. Ana funguo za nyumba za Mtaa wa Gati karibu zote, anazitunza wenyewe wasipokuwepo. Anafungua mabomba yasigande, anavuta vyoo visinuke. Vyoo vya watu ambao hawapo! Nimekaa kitandani nikafikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko linavyostahili.

Jumapili, 7 Desemba

Mazoezi ya kwaya. Mzee Hedley, muuza kaa wa baharini, ndiye kiongozi wetu, na sauti yake bado inatikisa vioo. Leo alikuja na malalamiko.

Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi tunapita mlango kwa mlango tukiimba. Nyumba yenye taa lazima iimbiwe, na hatuondoki mpaka mlango ufunguliwe na keki ya zafarani itoke. Nyumba yenye giza ni nyumba ya msiba. Hiyo tunaipita kimya, kofia mkononi. Sheria ya mababu, haina mjadala.

"Mwaka jana nimevua kofia Mtaa wa Gati mzima," Mzee Hedley akasema. "Mwanzo hadi mwisho! Nikapata mafua ya wiki mbili. Na hakuna hata mmoja aliyekufa!"

Tulicheka hadi mpiga kinanda akakosa noti. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama dirishani.

Nami nikapata wazo. Diwani aje aone! Hotuba gani inaushinda mtaa mzima wa giza, na wazee wanaupita kofia mkononi? Nimempigia simu Bi Pascoe. Atakuja Ijumaa hiyo ya nyimbo, jua likizama. Mama sijamwambia. Siku hizi nikitaja kodi, anapigiza masufuria.

Jumamosi, 13 Desemba

Daktari Whitcombe amekuja kukagua paa. Ningependa awe mtu mbaya. Ingerahisisha mambo. Ameleta jamu ya machungwa aliyoipika mwenyewe, na kitabu cha nyota kwa ajili ya watoto wa shule. Akapanda ngazi, akashuka, akakaa na buti zake jikoni, akamwambia Mama anatufikiria.

"Wenna, hii habari ya kuwahamisha kila Pasaka imenichosha hata mimi. Nafikiria kuwaachia nyumba mwaka mzima."

Mama aliweka birika chini polepole, kana kwamba lina yai ndani.

"Ila tusubiri mkutano," akaendelea. "Punguzo likiondoka, wengi watauza na bei itashuka. Labda itabidi niuze mapema. Pensheni ni pensheni." Kisha akanigeukia, anatabasamu kwa moyo safi kabisa: "Nasikia na wewe utazungumza, Kerensa. Vizuri sana! Vijana lazima wazungumze."

Hakuwa ananitisha. Nina hakika. Hilo ndilo linalonitesa.

Tangu aondoke, Mama ameimba sauti ya pili ya wimbo mzima huku akiosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi.

Jumanne, 16 Desemba

Nimeandika hotuba. Nimeichana. Nimeiandika tena, yenye adabu zaidi. Nimeisoma: hata mimi imenishawishi kwamba punguzo libaki! Nimeichana.

Nikisema, huenda tukakosa nyumba. Nisiposema, huenda tukaipata — halafu nitaishi humo mwaka mzima nikiwa na mtu nisiyempenda, yaani mimi.

Mtoto mmoja leo ameniuliza kwa nini nyota hazizimwi mchana kuokoa umeme. Nimempa nyota ya karatasi kwa swali zuri.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku gani hii! Sijui nianzie wapi. Nianzie juu.

Nilisimama kwenye maegesho ya magari, juu ya kijiji, nikimsubiri Diwani. Baridi ya kukata masikio. Gari lake likafika wakati mwanga wa mwisho unazama baharini. Akashuka, kofia ya sufu, kalamu mkononi. "Haya binti, nionyeshe giza lako."

Nikageuka kumwonyesha.

Mtaa wa Gati wote unawaka! Kila dirisha! Taa za juu, taa za chini, mapazia wazi, nyumba moja hata ina mshumaa wa umeme kwenye kidirisha cha choo. Maji ya bandarini yamejaa dhahabu. Sijawahi kuona kijiji chetu hivyo tangu nikiwa mdogo. Nilitaka kulia kwa uzuri, nikakumbuka kwamba nimeangamia.

"Mbona kunawaka kama kuna harusi?" Bi Pascoe akauliza.

"Sijui," nikasema. Na ilikuwa kweli.

Akasikiliza wimbo mmoja ukipanda kutoka chini, akaandika kitu, akanipigapiga begani kama mtu anayempa pole mgonjwa. Ana mkutano mwingine mjini. Akaondoka.

Nikashuka ngazi mbilimbili. Kwaya imekwama mbele ya mlango wa kwanza. Taa inawaka, sheria ni sheria — hawaondoki! Wanauimba wimbo ule ule kwa mara ya tatu. Mzee Hedley anauinamia mlango kwa heshima. Ghafla ukafunguka. Mama! Amevaa aproni, anahema, keki mkononi.

"Heri ya Krismasi, karibuni!"

Naye Mzee Hedley, bila kupepesa jicho: "Asante, mama mwenye nyumba."

Tukaenda mlango wa pili. Nikamsikia Mama anakimbia uchochoro wa nyuma, funguo zikilia kama kengele za kondoo. Wimbo. Mlango. Mama! Mlango wa tatu, Mama, nywele zimefumuka. Kufikia wa tano waimbaji wa besi wameshikana wasianguke. Mzee Hedley analia machozi ya kucheka na bado anashika noti. "Wenna," akasema, "una nyumba nyingi kuliko malkia, na keki yako ni ile ile!"

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini.

"Nimechoka kuona watu wanavua kofia mbele ya milango ninayoisugua mimi," akasema. "Nikasema mwaka huu hapana. Umeme wa jioni moja nitawafidia wenye nyumba kwa kuwapigia pasi."

Nikamwambia kuhusu Diwani. Akakaa chini. Tukatazamana. Akaanza yeye kucheka, nami nikafuata, na hapakuwa na jambo hata moja la kuchekesha.

Jumamosi, 20 Desemba

Naandika jikoni ukumbini, kitabu kiko juu ya sinia. Mapumziko ya chai. Haraka.

Ukumbi umejaa. Wenye nyumba za pili wamekuja maalumu, makoti mazuri, safu za mbele. Sisi nyuma, karibu na kipasha joto. Bi Pascoe akafungua: "Jana niliona kwa macho yangu. Kila dirisha linawaka. Si kijiji kinachokufa." Daktari Whitcombe akasimama, uso ukimng'aa. Naye alikuwa anaingia kijijini jana jioni, akaziona taa kutoka juu. "Tunaambiwa hatupo," akasema. "Jana tulikuwepo sote!" Makofi mbele. Nyuma kikohozi. Safu nzima ya kwaya inakohoa! Wote wanajua, na hakuna anayeweza kusema bila kumchongea Mama. Hata mimi. Hasa mimi.

Kisha Mwenyekiti: "Anayefuata, Bi Trevaskis."

Nilisimama. Na pembeni yangu Mama, Trevaskis kama mimi, naye amesimama.

"Trevaskis yupi?" Mwenyekiti akauliza.

Hakuna aliyekaa. Sikuwa nimejua kama Mama ameomba kuzungumza. Mzee Hedley akanguruma kutoka nyuma: "Birika limechemka! Chai kwanza!" Hapa kwetu hakuna mkutano unaoweza kulishinda birika.

Hapa jikoni nilimshika mkono. "Mama, usiseme za taa. Watakunyang'anya funguo zote."

"Wampe nani?" Anapanga vikombe, hata hanitazami. "Hebu nitajie mtu. Funguo wampe nani, Kerensa? Nani mwingine anaishi hapa?"

Nimetaja jina moja. Ni la mtu wa miaka themanini. Wiki tatu za hotuba, na yeye ameimaliza akipanga vikombe!

"Wewe sema za Pasaka," akasema. "Za taa niachie mimi. Hizo ni kazi yangu."

"Na nyumba?"

Hapo mkono wake ulisimama kidogo. "Naitaka hiyo nyumba, mwanangu. Usidhani siitaki."

Daktari Whitcombe ameingia. Ana kikombe kitupu na anakunja uso, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta jino linalouma. Anasema amempigia simu jirani yake wa Mtaa wa Gati sasa hivi, kumpongeza kwa taa za jana. Jirani yuko Lisbon tangu Novemba.

"Wenna," anasema, "jana nani alikuwa mle ndani?"

Mama anamimina chai. Haimwagiki hata tone.

"Kaa chini, Daktari," anasema. "Kerensa, acha kuandika. Mletee kiti."