Nambari Tano Kwenye Orodha ya Kungoja

Jumatano, 2 Juni 2010

Orodha ya mchujo wa Wimbledon imetoka! Jina langu halimo. Lakini kwenye orodha ya kungoja limo — nambari tano! Yaani wakijitoa wachezaji watano, mimi Natacha wa Hagsätra, Stockholm, wa 238 duniani kwa tenisi, nacheza kwenye nyasi! Watano tu! Watu huumia kila siku. (Mungu nisamehe. Simwombei mtu mabaya. Goti dogo tu, la wiki mbili.)

Kocha Rita alinipigia kutoka ukumbi wetu wa mazoezi Sundbyberg. Alijikaza awe mkali: bado, usimwambie mtu. Halafu akaangua kicheko. Mkenya yule! Miaka minne namjua, sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

Nikamwambia Mama. Kosa la kwanza.

Alhamisi, 3 Juni

Sijawahi kucheza kwenye nyasi maishani. Hapa tuna udongo kiangazi na sakafu ya ukumbini baridi ikija, basi. Rita kasema nyasi ni nyasi, akanipeleka uwanja wa mpira wa miguu hapa kwetu. Wavu tukaufunga kati ya magoli mawili ya watoto. Mpira haudundi! Unaanguka pwaa, unalala. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Akaja mtunza uwanja, akauliza kwani tunadhani hapa ni Wimbledon? Rita akamjibu kwa Kiswidi chake cha Nairobi: bado, lakini tumebakiza watu watano.

Jumapili, 6 Juni

Mama ametangaza kanisani. KANISANI! Mbele ya Warundi wote wa Stockholm: binti yangu anakwenda Wimbledon, Jumamosi njooni tumuage. Ukumbi keshaukodi. Na hotuba atatoa Mjomba Callixte! Kwenye harusi ya binamu yangu alianzia siku babu alipohama Bururi, kule Burundi. Alipofika kwa bibi harusi, chakula kilikuwa kimepoa.

Nimemwambia mara tatu: Mama, mimi bado nangoja. Yeye: watu wamekwisha kukuombea, niwaambie wangoje nini?

Nilikasirika kweli. Halafu nikamkuta anafua sketi zangu nyeupe kwa mara ya pili — kule Wimbledon ni nyeupe tupu, mpaka utepe wa nywele. Mama anasafisha ndege uwanjani Arlanda, mwaka wa kumi na moja huu, kila alfajiri treni ya Märsta. Akasema, bila kuniangalia, hajawahi kufuta kiti akijua ni nani atakayekikalia.

Hasira zikaisha. Ikaingia hofu. Nisipoingia, Mama atarudi kanisani na uso gani?

Jumatano, 9 Juni

Mmoja kajitoa! Niko wa nne.

Jioni: wawili tena!! Wa pili! Nimeruka juu ya kitanda mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Samahani, jirani! Kesho nitakuletea maandazi!

Ijumaa, 11 Juni

Wa kwanza. WA KWANZA! Amebaki mmoja tu wa kujitoa.

Rita yuko London na mchezaji wake mwingine, anaikodolea macho ile orodha. Inafungwa kesho saa kumi na moja jioni. Nafasi ikipatikana atanipigia papo hapo, nikubali kabla haijafungwa, nikimbilie ndege ya saa mbili. Nisipojibu anachukuliwa anayefuata. Asipopiga, ndiyo basi.

Begi tayari. Raketi sita. Sketi tisa — ni Mama huyo.

Jumamosi, 12 Juni

Saa kumi na dakika ishirini. Naandika chini ya meza.

Kwetu hotuba haikatizwi. Mtu hasimami, simu hailii. Mwenye sheria hiyo ni Mama mwenyewe: alisimama mlangoni na kapu, akakusanya simu zote. Na yangu! Nikamweleza, akasema Callixte hatachukua muda. Nikaiweka. Kosa la pili. Kapu liko mezani kwake, watu themanini kati yetu.

Wanaume wanajinyonganyonga vitini. Naijeria inacheza na Ajentina Kombe la Dunia sasa hivi! Kaka yangu Arnaud amefumba macho kama anasali.

Saa kumi na nusu. Mjomba amefika 1962.

Saa kumi na dakika arobaini. Tuko Kigoma. Mama ni msichana, mimi sijazaliwa. Nacheka kimyakimya na machozi yananitoka, sijui ni ya nini.

Na dakika hamsini na mbili. Kapu linalia! Ni mlio wangu! Mjomba anapandisha sauti. Watu wote wanaangalia sahani. Nikisimama nimemwaibisha Mama mbele ya kanisa zima. Nisiposimama —

Imekatika.

Dakika hamsini na nne. Inalia tena! Mama amesimama. Mama! Katikati ya hotuba! Kabeba kapu zima, anapita kati ya meza mbiombio na vile viatu vya kisigino, simu zinarukaruka ndani. Mjomba kabaki na mkono hewani. Mama amefika. Anahema. Analiweka mapajani mwangu.

"Jibu, mwanangu. Callixte atangoja."

Jina la Rita linawaka. Kalamu nampa Mama anishikie —