Jina la Mtoto wa Jirani

Majengo, Thika
Mei 1954

Dada Syokau,

Sisi tuko wazima. Mvua imejaza Mto Chania, na harufu ya kiwanda cha ngozi inaingia mpaka kwenye uji. Hapa Majengo milango mingi imefungwa. Wakikuyu wamebebwa na malori ya serikali, wote wakishukiwa uasi, sisi Wakamba tumeachwa na kuku wao wanaozurura.

Mama Wangui, yule jirani yangu, alibebwa maharagwe yake yakiwa bado motoni. Alipoona askari wanakuja, alinipitishia binti yake wa miaka miwili juu ya ua, akasema, "Mama Kaleli, huyu sasa ni wako." Askari aliponiuliza, nilisema ni Mwongeli, mtoto wangu. Wakija kuuliza huko Machakos, sema ni wewe uliyenizalisha. Ukishasoma barua hii, ichome. Ndiyo sababu nimempa Ndambuki akuletee mkononi.

Ninamsemesha Kikamba tu. Mwanzoni alikuwa akilia, akikimbilia mlango wa mama yake. Siku hizi anacheza na Kaleli.

Leo tulikuwa wawili tu jikoni. Nikamwita kwa sauti ya chini, "Wangui." Hakugeuka.

Mdogo wako,
Nduku