Sweta ya Kijani Imevuka Mpaka

Jumatano. Jua la Busia limechoma tangu asubuhi, na mimi nimetembea juani nikiwa nimevaa sweta ya kijani ya shule.

Si wazimu. Sisi watoto wa huku tunajua: ukivaa sare ya shule, hakuna anayekuuliza karatasi mpakani. Kila asubuhi wako wanaovuka kwenda kusoma ng'ambo, jioni wanarudi. Kwa hiyo nilivaa sare kamili, sweta juu yake, nikajaza nguo kwenye mkoba wa vitabu. Askari hata hakuniangalia vizuri. "Mwanafunzi, pita, pita, usifunge njia."

Mwanafunzi!

Jana baba alituita, mimi na mdogo wangu Owor, maana shule yetu inafunguliwa Jumatatu. Tuko darasa moja. Siyo kwamba mimi ni mzito wa kichwa. Mama alipojifungua mapacha nilitolewa shule mwaka mzima niwabebe mgongoni, Owor akanifikia. Baba amelisahau hilo, au anajifanya.

"Mko darasa moja," alisema, "mmoja anatosha. Owor ndiye ataendelea. Wewe kusoma umeshajua."

Nikamjibu kwamba aliyenirudisha nyuma ni yeye. Akanizaba kofi. Mama alikuwa akipepeta wimbi pale mlangoni, na aliendelea kupepeta. Kofi halikuniliza. Nililizwa na ule ungo ambao haukusimama hata kidogo.

Owor alikuwa anaangalia miguu yake. Nampenda yule mtoto, lakini leo sitaki hata kusikia jina lake.

Basi alfajiri nikaondoka kwetu Kisoko, upande wa Uganda, na sasa niko kwa shangazi, dada yake baba, anayeuza dagaa wa omena upande wa Kenya. Alinipa ugali kwanza, akaniacha nishibe, ndipo akachukua simu.

"Hapa utakaa, mwanangu, lakini baba yako lazima ajue. Mimi siibi watoto wa watu."

Nikiri tu, maana atakayesoma haya hanijui: moyo ulinidunda kwa furaha. Nilijua atafoka. Nilitaka afoke. Nilikuwa nimeshapanga hata jinsi nitakavyokataa kurudi, nikatae kidogo, kisha nikubali.

Sauti ya baba ikatoka kwenye simu, tulivu kabisa.

"Ako hapo? Sawa. Mwambie hiyo sweta arudishe. Owor iko na shule Jumatatu."

Kisha akakata.

Damu nzito kuliko maji, husema watu. Kwetu sweta ni nzito kuliko damu.

Shangazi ameona aibu kwa niaba ya kaka yake. Ameniambia kwa upole niivue aifue, kesho ampe mtu wa bodaboda aipeleke, yaishe. Nimekataa. Naandika haya nikiwa nimeivaa, jasho linanitiririka mgongoni, na binti zake wananicheka.

Wacheke. Baba akituma mtu, simpi. Akiitaka aje mwenyewe, atanikuta ndani yake.