Walimlilia Ndinda

Jumamosi jioni. Leo jua limetuchoma tangu asubuhi, na milima ya Iveti haionekani vizuri kwa vumbi. Niko nyumbani kwa mapumziko ya katikati ya muhula. 

Nimesalitiwa. Nimeliandika neno hilo kwenye simu, nikalifuta, nikaliandika tena.

Leo ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Sisi wa kidato cha nne tuliketi ukumbini pamoja na wazazi wetu, tukaonyeshwa filamu ambayo chama cha drama kitaipeleka kwenye mashindano. Nilijua tu kwamba inahusu wasichana wanaoonewa na wenzao, na presha ya mitihani. Aliyeiandika ni Madam Mwende, mwalimu wetu wa fasihi.

Ilianza na msichana anayerudi bwenini baada ya prepu, masomo ya usiku, na kukuta godoro lake limelowa chapa. Wenzake wamelimwagia maji. Wanaziba pua, wanamwita kikojozi. Kosa lake ni kwamba anaongoza darasa na amekataa kuwapa majibu kwenye mtihani.

Msichana huyo ni mimi.

Mwaka jana nilienda ofisini kwa Madam Mwende nikamwambia yote. Nilikuwa silali, sisomi, na nafasi yangu darasani ilikuwa imeporomoka vibaya. Nilimtajia hata aliyebeba ndoo: Ndinda. Nikamsihi asimwambie mama. Tangu baba afariki mama amenilea peke yake, na sikutaka kumwongezea mzigo. Madam alifunga mlango, akanishika mkono.

“Haya yatabaki kati yangu na wewe,” alisema.

Nilimwamini jinsi watu wanavyomwamini padri. Wiki ile ile Ndinda alihamishwa bweni, na nikaanza kulala tena.

Kwenye filamu, aliyeigiza nafasi yangu ni Ndinda.

Na anajua kuigiza, siwezi kukataa. Aliketi kwenye lile godoro bichi, akafunika uso, akasema maneno niliyoyasema mimi ofisini, neno kwa neno: “Nikifeli, watu wa kwetu watasema si tuliwaambia, mtoto wa mjane hafiki popote.” Ukumbi mzima ulilia. Mama, kando yangu, alijifuta machozi kwa ncha ya leso.

Mimi sikulia. Nilikuwa natafuta pa kuficha mikono yangu.

Filamu ilipoisha, mama alienda mbele walikosimama waigizaji kabla sijamzuia, akamkumbatia Ndinda. “Mungu akubariki, mwiitu wakwa,” alimwambia. Binti yangu. Neno ambalo huniita mimi. Ndinda aliniona juu ya bega la mama, akainamisha macho.

Alijua. Alijua ni maisha ya nani aliyokuwa akiyaigiza.

Nilimkuta Madam Mwende nje ya ukumbi akipongezwa. Nilingoja wazazi waondoke.

“Madam, uliniahidi.”

“Sikutaja jina lako popote,” alisema kwa sauti ya chini. “Na nilimpa Ndinda makusudi. Nilitaka aonje alichokufanyia.”

“Na mimi je? Uliniuliza?”

Aliangalia pembeni. “Ungekataa,” alisema.

Ndiyo. Ningekataa. Kumbe alilijua jibu langu, ndiyo maana hakuuliza. Nilimwambia aitoe ile sehemu ya godoro na yale maneno kuhusu mama. Akasema filamu imeshakamilika, na kwamba itawasaidia wasichana wengi. Labda ni kweli. Lakini yeye hakumwona msichana aliyekuwa amesimama mbele yake.

Tulipofika nyumbani mama alianza kuchambua ndengu, bado akimsifu Ndinda. Jinsi alivyolia. Kwamba mama yake lazima anajivunia. Nilivumilia nikashindwa. Nikamwambia godoro lilikuwa langu na ndoo ilikuwa ya Ndinda.

Mkono wake ulisimama kwenye uteo.

“Yule niliyemkumbatia?”

“Ndiyo, mama.”

Nilitarajia akasirike, aseme Jumatatu ataenda kumwona mwalimu mkuu. Hilo alilisema baadaye, akiwa anainuka. Kwanza aliniuliza polepole, bila kuniangalia:

“Mbona ulimwambia mwalimu, hukuniambia mimi?”

Nilisema sikutaka kumsumbua. Akatikisa kichwa, akainuka na uteo wake, akaingia jikoni na kuurudisha mlango.

Mchana kutwa nimebeba uchungu wa kusalitiwa na mtu niliyemwamini. Sasa namsikia mama akipenga kamasi huko jikoni, na ninajiuliza yeye amebeba uchungu wa kusalitiwa na nani.

Nafunga simu. Naenda kuugonga ule mlango.