Wota Pampu Mpya ya Gari la Baba Tasila

Mbinga, Jumamosi. Ukungu umekaa mpaka saa nne, na hata ulipoondoka jua limekuja bila joto. Kahawa imeiva vilima vyote, na wiki hii nusu ya darasa langu wamekuwa shambani wakichuma na wazazi wao. Mimi leo nimeshinda nyuma ya nyumba nikishika spana. Nimenawa mara tatu na grisi bado iko kwenye kucha.

Nimechanganyikiwa. Nataka niliandike kama lilivyotokea, labda nikilisoma nitalielewa.

Kwa anayefika hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mbamba Bay. Mume wangu ni Mmatengo wa Namswea. Miaka ishirini na mitatu tumeishi kwa Kiswahili, kwa sababu Kinyasa changu yeye hakijui, na Kimatengo chake mimi nakijua cha kusalimiana na cha sokoni tu. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili, tukamlea Tasila wetu kwa Kiswahili. Mwezi wa pili mwaka huu alipata kiharusi. Mguu umerudi kiasi, mkono wa kulia bado. Kiswahili kiliondoka chote. Kimatengo kilibaki.

Daktari alinieleza kwamba hutokea, mtu kubakiwa na lugha ya utotoni na kupoteza ile aliyojifunzia shuleni. Nilimwelewa vizuri. Lakini kuelewa hakunisaidii kitu mume wangu anaposema jambo mara tatu, sauti ikipanda, nami namletea maji, halafu shuka, halafu redio, na yeye anageukia ukutani.

Nina hamu na mume wangu, na kila siku analala ubavuni kwangu.

Sasa gari. Baba Tasila alikuwa dereva wa lori la ushirika, akibeba kahawa. Biashara ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda huku milimani, akahamia kwa mmoja wao. Msimu mmoja bei ilikuwa nzuri sana. Akaniaga kwamba anakwenda Dar, na mimi nikajua anakwenda kutafuta bati za nyumba. Akarudi na gari jekundu la milango miwili, lililotumika Japani, la michezo, limekaa chini mpaka tumbo linakwaruza kila tuta. Halikuweza kubeba hata gunia moja la mahindi. Majirani wakaliita Chura. Mimi nililia siku ile, na nilimnunia mpaka Pasaka.

Nikiri hapa kwamba nimelichukia gari hilo miaka mingi. Nikiri pia kwamba ndilo alilonifundishia kuendesha, kwenye uwanja wa mpira wa shule, yeye amekaa pembeni anasema maneno manne tu: kanyaga, achia, taratibu, basi.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tunarudi kutoka hospitali, kwenye mazoezi ya mguu. Tukiwa mlimani mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho na mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikazima. Baba Tasila akapiga dashibodi kwa mkono wa kushoto, akasema maneno mengi ambayo sikuyajua. Nikamwita Fundi Kolumba. Alipofika akalala chini ya gari, akanionyesha tundu dogo linalodondosha maji tone kwa tone.

"Wota pampu imekufa, Mwalimu," alisema. "Bahati yako umezima mapema."

Nikampigia Tasila, yuko Dar kikazi. Akasema, "Mama, litengeneze uliuze. Baba hawezi hata kuinama kuingia." Alisema kweli. Akatafuta mnunuzi, mtu wa Songea anayependa magari ya namna hii, na mtu huyo atakuja Jumatatu. Nikakubali.

Sikumwambia Baba Tasila.

Nimejiuliza mara nyingi ningemwambia kwa lugha gani. Lakini huo ni uongo. Ningemwomba dada yake amwambie, au Fundi Kolumba, ambaye naye ni wa Namswea. Ukweli ni kwamba safari hii nilifurahi kukosa maneno.

Pampu ilifika jana na basi la Songea, ndani ya katoni ya biskuti. Leo saa tatu Fundi akaja. Baba Tasila nilikuwa nimemweka kwenye kiti cha kamba karibu na gari, na blanketi magotini.

"Shikamoo, mzee," Fundi akasema. Akajibiwa kwa Kimatengo, jibu refu, na wote wawili wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai kama mgeni nyumbani kwangu.

Sikujua kwamba kubadilisha kitu kinachotoshea kwenye katoni ya biskuti ni kazi kubwa kiasi kile. Fundi alinieleza kwamba kwenye gari hili pampu imejificha nyuma ya mkanda wa taiming, ule wa ndani unaozungusha gia za injini, kwa hiyo lazima afungue nusu ya uso wa injini. Akamwaga maji ya rejeta, yakatoka na rangi ya chai. Akatoa mikanda ya nje, akahangaika na puli kubwa ya chini mpaka akaning'inia kwenye spana kwa uzito wake wote. Kabla ya kutoa mkanda wa taiming akaniomba chaki za shule, akaweka alama kwenye kila gia. "Nikikosea jino moja tu wakati wa kurudisha," alisema, "injini itajigonga yenyewe kwa ndani."

Pampu ya zamani ikatoka. Alinipa nizungushe, ikacheza mkononi kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Nikachukua wembe nikaanza kukwangua mabaki ya gasketi inayozuia maji kuvuja, maana kusimama tu kulinichosha. Bolti za pampu, sita, Fundi alizipanga juu ya gunia kwa mpangilio wa matundu yake. Akaenda kunywa chai. Kuku wangu akapita juu ya gunia, na mpangilio ukaisha hapo hapo.

Fundi aliporudi hakujali sana. Zote zilifanana, isipokuwa moja iliyokuwa ndefu kuliko wenzake. Akapaka silikoni, akaikalisha pampu mpya mahali pake, akachukua ile ndefu akaielekeza kwenye tundu la juu.

"Siyo hapo. Hiyo ndefu inakaa chini."

Niliganda na wembe mkononi. Sauti ilikuwa ya mume wangu, ile ya zamani, nzito kidogo na ya mtu asiye na haraka. Kiswahili safi. Fundi naye aliganda. Akachukua kijiti, akapima kina cha lile tundu la juu, kikaingia kidogo tu kikagota.

"Ni kweli, mzee," alisema polepole. "Ningeikaza pale ningepasua injini."

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti. "Baba Tasila," nilisema. "Umesema nini? Sema tena."

Akanitazama usoni. Akanijibu kwa Kimatengo, maneno machache. Nikamgeukia Fundi, naye akawa anafuta mikono kwenye kitambaa ambacho ni kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Anasema usogee, Mwalimu. Unamzibia mwanga."

Nikasogea.

Bolti ya chini mkono wa Fundi haukufika, wangu mwembamba ulifika. Kwa hiyo nikawa mimi ndani ya injini, shavu limegusa bampa, na sijui nini kilinituma, nikauliza bila kugeuka, "Nikaze?"

"Kaza," akasema Baba Tasila.

Nikakaza. "Tena?"

"Taratibu. Basi. Nenda ya upande wa pili kwanza."

Tulikwenda hivyo karibu saa nzima. Kaza, zungusha, legeza kidogo, futa hapo, basi. Fundi alibaki ananipa spana tu. Miezi minne sikuwa nimejibiwa na mume wangu, na leo nimejibiwa zaidi ya mara hamsini. Machozi yalinitoka, nikayafuta kwa bega. Na kwa kuwa binadamu hatosheki, nikajaribu kumtega.

"Nikaze?"

"Kaza."

"Una njaa?"

Kimya.

"Unamkumbuka Tasila?"

Kimya. Nilichungulia, nikamwona anatazama pampu, si mimi.

"Nilegeze?"

"Aa, usilegeze."

Basi ikawa hivyo. Kuna mlango mmoja umefunguka, na mlango huo hauingii nyumbani kwangu. Sikujua nicheke au niitupe spana migombani.

Fundi akarudisha mkanda, akalinganisha alama za chaki, akaizungusha injini kwa mkono mara mbili nzima kuhakikisha hakuna kinachogota. Tukajaza maji, tukawasha, tukaacha mfuniko wa rejeta wazi mpaka mapovu yakaisha. Chini ya pampu pakawa pakavu. Fundi akapitisha kidole chini ya lile tundu la kudondosha, akakitoa kikavu, akanionyesha kama mtoto anavyoonyesha daftari lililosahihishwa.

Tukatoka kulijaribu. Nilidhani tutambeba Baba Tasila, lakini alishika paa kwa mkono wa kushoto, akageuka, akakaa kwanza, kisha akavuta mguu ndani. Ilichukua muda. Lakini aliingia mwenyewe. Fundi akajikunja kiti cha nyuma, magoti kidevuni. Nikaendesha kuelekea barabara ya ziwani, kwenye ule mlima wa kwanza, maana Fundi alitaka alisikie likipanda. Lori la makaa ya mawe lilitupita likitupigia honi, kama wanavyofanya wote wakimwona Chura. Mshale ulipanda mpaka katikati ukatulia hapo, haukucheza tena.

Tukiwa karibu na juu, Baba Tasila akanigusa bega. Akaongea kwa Kimatengo, polepole na kwa adabu, kama mtu anayeomba hisani. Akamaliza, akangoja jibu langu.

"Anasemaje, Fundi?"

Nikamtazama kwenye kioo, akaangalia nje.

"Fundi."

"Anakushukuru," akasema. "Anasema unajua kazi."

"Hayo ni maneno machache. Yeye amesema mengi."

Akapumua. "Mwalimu, usinichukie, mimi natafsiri tu. Anasema ukipita mjini umfikishie mke wake habari. Yeye anaitwa Mama Tasila, anafundisha shule. Umwambie gari limepona, na Jumapili atampeleka kwao ziwani, maana amemwahidi siku nyingi. Asiwe na wasiwasi."

Niliweka gari pembeni. Nilishika usukani kwa mikono miwili kwa sababu sikujua kingine cha kushika. Ni kweli aliniahidi. Januari, kabla ya haya yote, alisema mvua zikiisha tutashuka Mbamba Bay tukamwone mama yangu. Nilikuwa nimesahau. Yeye, aliyenisahau uso, ahadi hakuisahau.

"Mwambie nitamfikishia," nilimwambia Fundi. Akamwambia. Baba Tasila akaitikia kwa kichwa, akaegemea kiti, akafumba macho.

Nikageuza gari.

Hapa ndipo ninapochanganyikiwa, na nimekuwa nikizunguka nyumba tangu jioni. Mwanamke anayekumbukwa ni mimi. Anayesahauliwa ni mimi. Yupo mtu anampenda mke wake kiasi cha kumtumia salamu kupitia kwa fundi wa kike asiyemjua, na mimi nilikuwa na wivu, wivu kabisa, na sijui nilimwonea nani. Labda ni leo tu, uchovu. Asubuhi hunishika mkono kama anayenijua. Labda pale kwenye gari mikono yenye grisi ndiyo iliyompoteza. Daktari nitamwuliza, ingawa sijui nitaliwekaje swali.

Saa kumi na moja nilimpigia Tasila. Nilimwambia mnunuzi wa Songea asije Jumatatu.

"Pampu imekataa?" akauliza.

"Pampu imekubali."

"Sasa kwa nini, mama?"

Nikamwambia baba yake ameongea Kiswahili. Akalia, akataka nimpe baba yake simu. Nikampa. Tasila akasema, "Baba, shikamoo, ni mimi." Baba Tasila akaisikiliza simu kwa makini, akanirudishia bila neno. Nilimwambia Tasila kwamba baba amechoka. Mtu mwingine angeona aibu: kwanza nilimficha Baba Tasila habari za mnunuzi, sasa namdanganya Tasila. Mimi nilikuwa nimechoka hata kuona aibu.

Kesho baada ya misa tunashuka ziwani. Nimejaza maji ya akiba kwenye madumu mawili, na Fundi amesema atatusindikiza kwa pikipiki mpaka mteremko mkubwa uishe. Mama yangu nimemtumia ujumbe. Ameshaanza kuulizia usipa wabichi, dagaa wetu wa ziwani. Sijui kama Baba Tasila atajua amempeleka nani. Ikibidi nitakwenda kama fundi, na nikifika kwetu nitashuka kama mke. Au itakuwa kinyume chake.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo lililonifanya nifungue ukurasa huu badala ya kulala.

Nilimpelekea chakula, ugali na maharage. Mikono nilikuwa nimeinawa, nimevaa kitenge, sikunukia grisi. Akaonja kijiko kimoja. Akaniangalia.

"Chumvi," akasema.

Kwa Kiswahili. Mezani, bila injini, bila spana, neno la jikoni kwangu.

Sijui kama alimaanisha imezidi au imepungua. Niliuliza, hakujibu. Nikaleta kopo la chumvi nikaliweka mbele yake, nikakaa kumtazama. Hakuligusa. Akala ugali wote na maharage yote, akasukuma sahani upande wangu.

Nimeyaonja yaliyobaki kwenye sufuria mara mbili. Mara ya kwanza niliona imepungua. Mara ya pili niliona imezidi.